Mnadi Aliyekataa Bei

Watu wa Iguguno humjua Sostenes kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ukipita barabara kuu Jumapili mchana, ukasikia mtu anamsifia jogoo utadhani jogoo yule ana ukoo wa kichifu, ujue ibada imekwisha na Sostenes ameanza kazi. Ni mnadi wa sadaka za mazao katika kanisa letu dogo lililo nyuma ya mashine za kukamua alizeti. Siku nyingine ni mkulima kama sisi: ana mashamba ya alizeti na mtama, ana maksai wa kulimia, ana nyumba ya bati aliyoijenga kidogo kidogo kwa mavuno mazuri na mabaya, na ana mke anayeitwa Yustina, mwenye akili kumzidi, jambo ambalo yeye mwenyewe halikatai. Lakini kwake hayo yote ni mapumziko. Kazi yake ni ile ya Jumapili.

Kwetu asiye na pesa ya kutia kikapuni huleta alichonacho: kuku, mayai, bakuli la karanga, mlenda mkavu, boga. Baada ya ibada vitu hivyo hupangwa nje na kunadiwa, na fedha huingia kanisani. Hapo ndipo hesabu za sokoni hufa. Yai moja huuzwa kwa bei ya trei zima kwa sababu limeletwa na bibi asiyeona. Mwanakwaya wa sauti ya tatu akitaka kumkomoa mwenzake wa sauti ya nne, humpandishia bei ya boga mpaka boga lenyewe lione aibu. Aliyenunua anaweza kusema "narudisha madhabahuni," kitu kikanadiwa upya. Anaweza pia kusema "namnunulia mchungaji," au "namnunulia mgeni."

Hili la mgeni ndilo kubwa. Mgeni haondoki mikono mitupu, na mgeni hanunui. Akiinua mkono, mnadi hujifanya anatazama mawingu. Mimi nauza mafuta ya alizeti pale barabarani, biashara naijua, na nakwambia hakuna duka linaloweza kuendeshwa kwa sheria hizi hata wiki moja. Ila kanisa limeendeshwa nazo miaka yote.

Sostenes alizilinda sheria hizo kuliko mchungaji anavyolinda amri kumi, na ana sababu. Zamani kidogo walikuja wageni wa mradi fulani, kamera shingoni. Mmoja wao akanunua mayai ya mama mmoja kwa fedha za kununulia mbuzi, akapiga picha na yule mama, kisha akayaacha mayai palepale kwenye benchi. Sisi tulishangilia. Sostenes alikasirika mpaka akashindwa kula. Alisema yule hakununua mayai, alinunua umaskini wetu, tena hakuubeba. Kuanzia hapo akawa na neno lake moja: bei ya huruma si bei. Alilisema kila mahali, hata kwenye matanga, ambako halikuwa na kazi yoyote.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, upepo wetu wa Singida uliondoka na paa la kanisa. Haukuezua bati moja moja. Uliliinua paa zima na kulitupa kwenye shamba la alizeti, likakunjamana kama karatasi ya maandazi. Tukatandika turubai. Wazee wa kanisa wakapendekeza tuandike maombi ya msaada. Sostenes akasimama. Akasema kanisa lile lilijengwa kwa kuku na mtama, litaezekwa kwa kuku na mtama, na yeye ndiye atakayezinadi sadaka hizo mpaka bati la mwisho lipande. Mvua ya mwaka huu itatukuta hivi, alisema, lakini ya mwaka ujao isipotukuta chini ya paa, basi yeye hafai, na atafutwe mnadi mwingine. Hakuna aliyemwomba aseme vile. Alisema mbele ya watu wote, na kwetu ukisema jambo mbele ya watu wote huwezi kwenda kulirudisha usiku.

Masika ikapita, mvua nyingine juu ya turubai na nyingine katikati ya turubai. Ikaja sikukuu ya mavuno, na pamoja nayo mama Klara na sarafu yake.

Klara ni mjane wa mzee Hezekia. Hezekia, enzi zake, alikuwa msimamizi wa wachimba visima chini ya mhandisi mmoja wa Denmark. Walichimba visima kuanzia huku Mkalama mpaka upande wa Ulemo, na vingine bado vinatoa maji. Yule mhandisi alipokuwa anarudi kwao, watu walijua Hezekia ataachiwa baiskeli yake. Badala yake mzungu alitoa mfukoni kitu kidogo cha njano, chembamba, akampa kwa mikono miwili na machozi juu. Baiskeli akaichukua karani. Kijiji kizima kilicheka. Walimwita Hezekia Bwana Kifungo, kwa maana kile kitu kilifanana na kifungo cha koti kilichopoteza matundu, na jina hilo alikwenda nalo kaburini. Klara alikitupia kwenye kopo la sindano na nyuzi, na huko kikakaa.

Mwaka huu kideri kilimaliza kuku wa Klara wote. Sikukuu ya mavuno ikakaribia hana hata yai. Akakikumbuka kifungo.

Ijumaa ya wiki ileile akafika mgeni, mtoto wa yule mhandisi, naye sasa ni mzee mwenye mvi, mstaafu. Jina lake lilitushinda, tukamwita Mgeni, akaitika. Alikuja kuona visima vya baba yake. Alifuatana na mwalimu Lucy wa sekondari, aliyemtafsiria. Alipoonyeshwa mjane wa Hezekia, alimwamkia kwa shikamoo iliyonyooka kabisa, kisha akauliza, taratibu, kama marehemu aliwahi kuacha sarafu. Klara akaleta kopo. Yule mzee akatoa kioo kidogo cha kukuzia, akakiweka jichoni, akaigeuza sarafu upande huu na upande ule.

Akamwuliza Klara kama anaweza kuinunua. Klara akajibu kwamba amechelewa, kitu kile ameshamwahidi Mungu, lakini asihuzunike, Jumapili kitanadiwa, aje. Mgeni akafurahi sana kusikia kuna mnada. Kwao mnada ni mnada: anayetaja bei kubwa ndiye anayechukua. Akaona aibu kutaja fedha mbele ya mjane aliyekaa kwenye kigoda, akaona heri bei ijisemee yenyewe mbele ya watu.

Jumapili ikafika. Tuliuza vitunguu, tukauza uwele, tukauza jogoo mwenye hasira. Kisha Sostenes akakiinua kile kitu cha njano kwa vidole viwili. Alikijua, alikuwa miongoni mwa waliomcheka Hezekia. Akasema hii ni kumbukumbu ya marehemu mzee wetu, ina picha ya mtu mwenye pua kubwa upande mmoja, na upande wa pili ina jengo, pengine ni ghala. Haifai kufungia koti, lakini imetolewa kwa moyo. Nani anaanza?

Nikaanza mimi, kwa bei ya nusu lita ya mafuta. Mtu akaongeza. Mgeni akainua mkono. Sostenes akatazama mawingu. Mtu mwingine akaongeza. Mgeni akainua mkono tena, kisha akasimama, akamnong'oneza Lucy. Lucy akamtazama usoni kuona kama ni mzima. Akamwuliza tena. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Mgeni anasema milioni hamsini."

Milioni hamsini ni kuezeka kanisa lile, na nyumba ya mchungaji, na choo, na bati zikabaki za kufanyia uzio. Nilimtazama Sostenes nikaona amekunja uso vilevile kama siku ile ya mayai. Pale pale ndipo tulipokwisha, ingawa wakati ule nilidhani tunashinda.

"Mwalimu," akasema, "mwambie mgeni wetu tumemwelewa. Moyo wake ni mzuri. Lakini hapa hatuuzi huruma."

Watu walipiga makofi. Nakwambia walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye turubai. Wazee walisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu wa Iguguno akikataa milioni hamsini, na sote tulijiona tumezikataa pamoja naye, bila gharama yoyote. Mgeni akatikisa kichwa, akasema maneno mengi ya haraka, na Lucy akatafsiri kwamba anasema hiyo si huruma, ndiyo bei. Sostenes akatabasamu kwa upole mkubwa. Akasema mwenye huruma hajui kwamba anayo. Akaongeza kwamba baba yake Mgeni alituchimbia maji na hakututoza, basi na yeye aketi apumzike.

Pale mzee mmoja wa kanisa akapaza sauti kwamba anamnunulia mgeni. Kwaya ikadakia. Kina mama wakachanga kwenye kitenge. Kile kifungo kikapanda mpaka bei ya jogoo mkubwa wa Krismasi, Sostenes akahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda. Vigelegele vikapigwa. Tukamvika Mgeni kitenge mabegani, tukamtia sarafu kiganjani, na kwa kuwa zawadi ya kitu kimoja ni uchoyo, tukamwongezea na kuku jike.

Mgeni alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akamwuliza Lucy afanyeje. Lucy, Mungu ambariki, akakumbuka ile desturi ya kurudisha na kumfundisha maneno yake. Mzee yule akasimama na kitenge chake na kuku wake, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Narudisha madhabahuni."

Sijui kama nimewahi kuona furaha ya namna ile. Mgeni mnyenyekevu kiasi kile, tena ametamka kwa lugha yetu! Tukainadi upya, na upya tukamnunulia, mara hii kwa bei ya majogoo wawili, na juu yake chupa ya asali. Alipofumbua mdomo mara ya tatu, mchungaji Alphonce alimshika bega akasema mgeni amechoka, chakula kipo tayari. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuwa amekuja na dawa mkononi, na sisi tulikuwa tunamzuia kwa heshima zote.

Nilikuwa mmoja wa kina mama tuliopika, kwa hiyo yaliyotokea mezani kwa mchungaji, walipoketi Mgeni, Sostenes na wazee, niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nanawisha watu mikono. Mgeni hakula. Aliiweka sarafu juu ya kitambaa cha meza, akaanza kueleza, na Lucy akatafsiri kwa sauti iliyokuwa inazidi kushuka.

Ile ni dhahabu tupu. Ilipigwa kwao zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na yule mwenye pua kubwa ni mfalme wao. Lile si ghala, ni ngome. Mfalme yule alikuwa na ngome kwenye pwani ya Ghana, na watu wake walinunua huko dhahabu, na, alisema akitazama sahani, walinunua pia watu. Dhahabu ilipelekwa Denmark ikapigwa sarafu, na ngome ikachorwa juu yake ili kila mtu ajue ilikotoka. Zilizobaki ni chache, wakusanyaji wa sarafu wanazitafuta kwa taa. Hii ilikuwa ya babu yake. Baba yake aliirithi, akaja nayo Afrika mfukoni bila kumwambia mtu, na siku ya kuondoka akampa mtu aliyemheshimu kuliko wote aliofanya nao kazi. Nyumbani kwao waligombana kwa ajili ya jambo hilo mpaka baba akafa.

Kwa hiyo, akasema Mgeni, milioni hamsini haikuwa huruma. Kisha akawa mwekundu tena, akakiri kwamba kwa kweli alianza chini kidogo, kama mnunuzi yeyote anavyoanza. Alitegemea angepandishiwa.

Mchungaji Alphonce aliweka tonge chini. Mgeni akaisukuma sarafu katikati ya meza, akasema mnada unaweza kurudiwa, yeye hana neno, watu wote hukosea. Sote tukamtazama Sostenes.

Mnada ukishafungwa, kwetu hakuna wa kuufungua isipokuwa mnadi mwenyewe, kwa kusema amekosea. Ni neno moja tu. Paa lilikuwa pale mezani, limelala kati ya mlenda na kuku wa kuchemsha, linang'aa. Sostenes alikuwa amesimama mbele ya watu wote saa ileile, amepigiwa makofi, na sasa alitakiwa arudi nje akawaambie watu walewale kwamba walichokipigia makofi ni ujinga.

"Zawadi hairudi," akasema.

Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kukubali. Lilikuwa jibu sahihi, ndiyo ubaya wake. Kila mmoja alikuwa na uso wa mtu aliyemeza kiazi cha moto, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aseme hapana. Mgeni akatoa bahasha. Sostenes akairudisha kwa vidole viwili, akasema kulipia zawadi baada ya kuipokea ni kuigeuza biashara. Mchungaji alikohoa kikohozi kirefu, cha mtu anayezika kitu. Jioni Mgeni akaondoka kwenda Singida mjini akiwa na sarafu, kuku, asali na kitenge.

Yustina alinisimulia mwenyewe alivyompokea mumewe. Hakufoka. Alimwambia, "Ulipokuja kunioa, baba alitaja ng'ombe, ukabishana naye kutwa nzima mpaka akapunguza wawili. Leo umetajiwa bei ya kweli, ukaikataa kwa adabu." Kisha akampakulia ugali.

Habari haikufichika. Ndani ya wiki moja wateja wangu walikuwa wanakuja na chupa wakitaka mafuta kwa bei ya Sostenes, yaani bure. Wale waliopiga makofi kwa nguvu zaidi ndio waliokuwa wa kwanza kusema walijua tangu mwanzo. Nilikwenda na Lucy kumweleza Klara, tukiogopa atazimia. Alikuwa anabangua karanga. Aliomba arudiwe sehemu moja tu, ile ya mtu aliyeheshimiwa kuliko wote. Akacheka, kisha akalia kwa uchungu kabisa, kwa maana alimpikia Hezekia miaka yote huku na yeye akimcheka kimoyomoyo kwa ajili ya kifungo. Alitamani amwambie, na hakukuwa na wa kumwambia. Tulipomwuliza kuhusu fedha, alipangusa macho akasema yeye alimpa Mungu. Aliyempa Mgeni ni Sostenes.

Baada ya muda picha ikaingia kwenye simu ya Lucy. Sarafu ilikuwa ndani ya kioo katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Mgeni, imemulikwa taa, na chini yake kibao. Lucy akakitafsiri: Zawadi ya watu wa Iguguno, Tanzania. Hata hakujiwekea, yule mzee. Wako waliojisikia fahari, wakasema ni nani mwingine Mkalama nzima aliyewahi kuipa Ulaya msaada. Mchungaji akaichapisha picha na kuitundika karibu na mimbari. Mimi nilipoitazama nilichemka. Dhahabu ile ilitolewa Afrika na watu waliojenga ngome ili waichukue, ikarudi Afrika kama ahsante ya mtu mmoja mwema, na sisi tukaisindikiza kwao tena, kwa vigelegele, na kuku juu.

Sostenes aliendelea kunadi, lakini sauti ilipungua. Alikuwa anauza jogoo kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Hazina ya paa ilijaa kwa mwendo wa kobe, na mwezi wa kumi na moja ulipoanza, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Ulemo kila alasiri. Siku moja alikuja kibandani kwangu, hakununua kitu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia kwamba nje, pale mnadani, hakujua. Lakini mezani alijua. Alijua kabisa, na aliogopa. Nikaendelea kuchuja mafuta.

Jumapili iliyofuata alichelewa ibada, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tulipotoka nje tukamkuta na mkokoteni wa maksai, na juu ya mkokoteni kuna bati. Zilikuwa zimeshika kutu kidogo pembeni, zina matundu ya misumari. Yustina alikuwa kando yake na sufuria imejaa misumari iliyonyooshwa. Tulizitambua bati zile. Ukisimama kanisani unaiona nyumba yao kule ng'ambo, na siku ile ilikuwa kuta tupu na mbao, imekaa kichwa wazi.

Mchungaji akasema Sostenes, hapana. Sostenes akasema alichoahidi aliahidi mbele ya watu. Bati zenyewe ni fupi na hazitoshi paa la kanisa, lakini zikinunuliwa fedha itapatikana, na yeye ndiye mnadi. Akapanda juu ya mkokoteni na kuanza kuinadi nyumba yake. Na sauti ikarudi. Akazisifu zile bati kama alivyosifu majogoo siku zote: zimekaa juu ya kichwa cha mkulima, zimestahimili upepo ulioshinda kanisa, zimevuja mara moja tu tena kwa makosa ya fundi. Nani anaanza?

Hakuna aliyeanza. Ndipo Klara akainua mkono, akataja bei ndogo ya mjane. Nikaongeza. Kwaya ikaongeza. Hapo ikawa kama mtu amefungua mlango wa zizi: watu walitaja bei juu ya bei, mwenye maksai wake wawili na asiye na kuku hata mmoja, mpaka bati zile za kutu zikafika bei ambayo hakuna duka la Singida limewahi kuuzia bati mpya. Sostenes alikuwa anazunguka huku na huku anakusanya sauti, jasho linamtoka, ana furaha. Mwisho tukawa tumebaki Klara, mimi na kwaya upande mmoja, tumechanga pamoja, na hakuna aliyetuzidi.

Sostenes akasema mara ya kwanza. Klara akasema, "Tunamnunulia mnadi."

Sostenes akabaki na mkono hewani. Akasema hiyo haipo, mnadi si mgeni. Klara alimwambia asiye na paa hawezi kuwa mwenyeji wa mtu. Sostenes akaanza kusema lile neno lake, tuliliona linavyomjia mdomoni, na Klara akamwahi.

"Ndiyo, Sostenes. Ni bei ya huruma. Ipokee."

Sostenes alimtazama Yustina. Yustina alikuwa ameshaweka sufuria ya misumari juu ya mkokoteni na anawageuza maksai waelekee nyumbani. Akajaribu kuhesabu mara ya pili, ikatoka kama kikohozi. Mara ya tatu haikutoka kabisa. Alikaa juu ya bati zake, mwanaume mzima, akalia mbele ya kanisa lote, na hakuna aliyecheka.

"Nilikosea," akasema. "Ile sarafu. Nilijua palepale mezani, na sikusema."

Na sisi tulikuwepo.

"Haya, maliza mnada," Yustina akamwambia. "Mvua hiyo inakuja, na nyumba haina kitu."

Akasimama, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akaumaliza. Fedha za siku ile zilitosha kuezeka upande mmoja wa kanisa, ule wa kwaya. Upande wanaokaa wazee bado una turubai, na Sostenes huketi huko.